Mama Mchungaji na Karata za Ikonda

Mama Mchungaji hakuwa akitazama nyuso. Watu wengi hawakulijua hilo, na ndiyo maana aliwafunga kwenye karata. Waliketi mezani kwake wamekaza sura kama wanaopigwa picha ya kitambulisho, hawacheki, hawakohoi, wakidhani wamejificha barabara. Yeye wakati huo alikuwa anaangalia viatu vyao.

“Uso umesomeshwa,” alikuwa akituambia. “Tangu mtoto unaambiwa, usinune mbele ya mgeni, usicheke kanisani. Mguu nani aliwahi kuukalisha darasani?”

Tulimwita Mama Mchungaji ingawa mchungaji mwenyewe, mumewe, alikuwa amefariki zamani, na usharika ulishapata wachungaji wengine wenye wake zao. Wake hao waliitwa kwa majina ya watoto wao. Cheo kilibaki kwetu Yakobi, pembeni mwa mji wa Njombe, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma ambayo yeye na mumewe walijijengea ili siku ya kutoka nyumba ya kanisa wasiwe watu wa kuhangaika. Mimi nilizaliwa nyumba ya pili kutoka hapo. Sasa nauza mbao Makambako, nina yadi karibu na stendi, na kwa miaka mingi kila Jumamosi nilifunga mapema, nikapanda pikapu yangu inayokohoa, nikarudi Njombe kucheza karata na mjane wa mchungaji. Wanaume wa stendi walikuwa na hakika kwamba nina mtu huko.

Naandika habari zake kwa sababu ya siku moja niliyotakiwa kumficha jambo kuhusu nyumba ile ile. Mtu mwingine angeona ni kazi ndogo, maana mzee wa watu anadanganywa kila siku na wauza mkaa. Lakini mimi nilikuwa nimekaa meza moja naye muda wa kutosha kujua kwamba hakuna mtu aliyewahi kumficha kitu. Ili mwelewe kwa nini, lazima kwanza niwaonyeshe meza yake.

Mchezo wetu tuliuita wa Ikonda. Mumewe alipougua alilazwa kule, hospitali ya Ikonda, kwa muda mrefu, na yeye alikwenda kumuuguza, akawa anaishi na ndugu wa wagonjwa wengine waliotoka mbali kama yeye. Mchana, ukishapeleka uji wodini, hakuna kazi nyingine ila kungoja. Dereva mmoja wa malori, mguu wake umefungwa plasta, ndiye aliyewafundisha pale uani. Alisema huko duniani unaitwa poka. Kila mchezaji anapewa karata tano, anabadilisha mara moja zile asizozipenda, kisha kwa zamu wanaweka dau. Unayeziamini karata zako unaongeza, usiyeziamini unatupa. Utamu wake uko hapa: ukiwatisha wenzako wote wakatupa, unazoa dau bila kumwonyesha mtu ulichoshika, hata kama ulishika takataka tupu.

Dau letu lilikuwa maharage. Mama Mchungaji alikuwa na shamba kijiji cha Kichiwa, na kila mmoja wetu alianza na kikombe kimoja cha maharage ya huko. Mwisho wa mchezo, aliyebaki na machache kuliko wote ndiye aliyeyakusanya yote, akayachambua mawe, akayaloweka, na Jumapili baada ya ibada akayapika, sisi wote tukaja kula. Mezani tulikuwa wanne: yeye, mimi, Nesi mstaafu aliyekaa ng’ambo ya barabara, na Mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti alipika Jumapili nyingi mno. Nimemwona na suti ya kanisani, amefunga khanga ya mwenye nyumba kiunoni, anakatakata vitunguu huku analia na kutulaumu. Alikuwa mwanasiasa, anajua kudanganya mkutano mzima, lakini akipata karata nzuri kisigino chake cha kulia kilianza kupiga sakafu kidogo kidogo, naye hana habari. Sisi tulikisikia, tukatupa. Kisigino kikitulia, tuliongeza.

Mama Mchungaji hakukaa mahali popote tu. Alikuwa na kiti chake cha mikono, mgongo umeelekea ukuta wa jikoni wenye joto, blanketi la kijivu limemfunika kuanzia kiunoni mpaka sakafuni. Njombe ina baridi yake na kila mzee ana blanketi lake, lakini la huyu halikuondoka hata mwezi wa kumi na moja, tunapofungua madirisha yote. Nesi alimwambia atayaozesha magoti. Akajibu kwamba magoti ni yake, ayaozeshe au ayakaange.

Dereva wa Ikonda alimfundisha sheria za mchezo tu. Kusoma watu alikuwa amekujua kabla, jikoni kwa mumewe. Watu walikuja nyumba ya mchungaji na shida zao, na kwa kuwa mchungaji alikuwa mtu wa kuchelewa, walipitia kwanza kwenye chai ya mkewe. Aliniambia kwamba aliyekuja kugombana alikaa ukingoni mwa kiti. Aliyekuja kuungama alishika kikombe kwa mikono miwili na hakukinywa. Aliyekuja kuombea ndoa yake na hakutaka kusema alisifia watoto wa wengine. Mumewe alipoingia, mkewe alishamnong’oneza: huyu wa kwanza mpe muda, huyu wa pili usimuulize mbele ya mwenzake. Waumini walisema mchungaji wao ana karama. Wote wawili walicheka wakiwa peke yao, alisema, kisha wakaomba msamaha kwa kucheka.

Niliyatumia mafunzo yake kwenye biashara, sioni haya kusema. Mnunuzi wa mbao kutoka Dar akija yadini kwangu, anaanza na kulalamika: mbao mbichi, zimepinda, Mafinga wanauza kwa bei ya huruma. Zamani nilibishana naye. Siku hizi namwacha aseme, naangalia vidole vya miguu vimeelekea wapi. Kama kiwiliwili kinaelekea getini lakini kiatu kinaelekea rundo la mbao, huyo anataka kununua, na mimi naagiza soda.

Mama Mchungaji alikuwa na masharti. Nje ya meza hakumsomea mtu mtu mwingine. Mama mmoja wa kwaya alimfuata amwangalizie mumewe kama ana mwanamke Makambako. Alimpa chai, akamwambia, “Mumeo hachezi kwangu,” akamrudisha nyumbani.

Na uongo aliuchukia. Watoto wa jirani wakifundishwa kumwambia mgeni kwamba mama hayupo, wakati mama yuko chumbani, aliwagombeza wote, mtoto na mama yake. Siku moja nilimbana: wewe unachukia uongo, na kila Jumamosi unatudanganya mchana kweupe na karata mbili za saba mkononi! Aliweka kikombe chini.

“Hapa sote tumekubaliana kudanganyana,” alisema. “Uongo ni pale mmoja hajui kwamba tunacheza.”

Mchungaji mpya alipohamia, wazee fulani wa usharika walimtuma akamkanye, kwamba mjane wa mtumishi anachezesha kamari nyumbani kwake. Mimi nilikuwepo. Kijana wa watu aliingia, akaamkia, “Kamwene, Mama,” akaketi, akaanza kuzungumzia mvua. Akazungumzia mvua mpaka ikaisha. Mama Mchungaji akammiminia chai.

“Baba Mchungaji,” akamwambia kwa heshima zote, ingawa angeweza kumzaa mara mbili, “waambie waliokutuma kwamba umenikemea sana, na mimi nimesikitika.”

Kijana alicheka mpaka akamwaga chai. Kisha akauliza kama maharage hayo ya dau ndiyo yale yaliyopikwa Jumapili, maana Mwenyekiti aliyasifia mno. Hakurudi tena na habari za kamari. Nilipomuuliza Mama Mchungaji alijuaje kwamba katumwa, alisema mtu anayekuja na neno lake mwenyewe hatazami mlango kila akimaliza sentensi.

Sasa niseme jambo lililotuudhi sisi watatu. Mwanamke huyo aliyemjua Mwenyekiti kwa kisigino, kwa wanawe alikuwa kipofu. Alikuwa na watoto wawili, na wa kwanza, ambaye nilikua naye na ananiita dada, yuko Dar. Huyu alipopiga simu kwamba Krismasi atakuja na familia nzima, mama alinunua unga, akachinja jogoo, akatandika vitanda. Mwana hakuja. Mwaka uliofuata akaahidi tena, na jogoo mwingine akachinjwa. Tulikula majogoo wa watu wasiofika mpaka Nesi akauliza, hivi na wewe husikii sauti ya mtu anayedanganya? Akasema kwa wanawe huwa anavua miwani. Tukaona ni udhaifu wa mama, tukauacha.

Kuhusu mumewe alinisimulia mara moja tu, tukiwa tunachambua maharage, siku ambayo mimi ndiye nilishindwa. Kule Ikonda daktari alimweleza mchungaji ukweli kwamba hatapona. Mchungaji akamwambia mkewe ni vidonda vya tumbo, vitakwisha. Akasema hivyo kwa muda wote waliobaki nao.

“Nawe uliamini?” nilimuuliza.

“Alianza kukunja nguo zake mwenyewe,” alisema. “Miaka yote ya ndoa hajawahi kukunja hata soksi. Nikajua ananipunguzia kazi.”

“Kwa nini hukumwambia kwamba unajua?”

Alitoa jiwe kwenye maharage, akalitazama, akalitupa uani. “Kunificha ndilo jambo la mwisho alilobaki nalo la kunipa. Ningemnyang’anya?”

Nililia pale pale juu ya ungo. Yeye hakulia, aliniambia tu nisitie chumvi kwenye maharage kabla hayajaiva.

Kuna jambo moja nilimwomba miaka yote akaninyima. Kila mchezaji ana dalili yake, na yeye alizijua zetu zote. Ya Mwenyekiti tuliijua sote. Ya Nesi nilikuja kuigundua mwenyewe: akiwa na karata mbaya alizipanga upya mara nyingi. Lakini yangu sikuijua. Nilijichunguza. Nilikaza miguu, nilikalia mikono, niliwahi kuja na soksi nene juu ya soksi nene. Wapi! Nikijaribu kumtisha na takataka, aliongeza maharage yake bila haraka, akaniumbua.

“Niambie basi, mchoyo wewe,” nilimwambia.

“Nikikuambia nitakula nini?” alinijibu. Na yeye mwenyewe dalili yake hakuna aliyewahi kuiona. Tulimtazama usoni, mikononi, begani. Alikuwa kama gunia la viazi, limekaa tu. Ndiyo maana nilimtukana sana mezani. Nilimwita jambazi, nyoka wa kanisani, mwizi wa kura. Alipenda. Alisema nyumba isiyo na wa kumtukana mwenyewe ni nyumba ya maiti.

Basi, mwanawe wa kwanza akanipigia simu. Ilikuwa mwezi wa saba, baridi imekaza, na mama magoti yalikuwa yamemsumbua tangu Pasaka. Mwana alisema ameongea na mdogo wake, wamekubaliana mama ahamie Dar kwake. Nyumba ya Yakobi wataiuza, yeye amalizie nyumba yake na kumjengea mama chumba upande wa uani. Mteja ameshaiona, mama akiwa kanisani. Mama ameambiwa anakwenda kutembea wiki chache, achomwe na jua. Kazi yangu ilikuwa kumtoa Yakobi na kumpandisha basi Makambako.

“Na usimwambie, dada,” alisema. “Ataumia bure. Akishafika huku atazoea.”

“Mwambie wewe. Mama yako, mdomo wako.”

“Unamjua Mama. Akikataa amekataa. Unataka siku moja tumkute ameanguka jikoni peke yake?”

Hapo aliniweza. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeliwaza hilo, siku za ukungu, nikiwa njiani kurudi Makambako. Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa mtu anayempenda mama yake na anayetaka nyumba yake iezekwe, na mambo hayo mawili yalikuwa yamechanganyika kichwani mwake asijue lipi ni lipi. Nilimwambia nitamleta mpaka stendi, na kwamba sitasema uongo, ila sitasema kitu. Nikajiona mjanja.

Nilifika Yakobi asubuhi. Alikuwa tayari ameketi barazani, begi miguuni, amevaa kitenge kipya na kandambili, maana viatu vilimbana siku hizo. Mpichesi wake mbele ya nyumba ulikuwa umepukutisha majani yote. Nikamwamkia, nikamsaidia kuinuka, nikabeba begi.

“Taratibu na hilo,” alisema. “Hati ya nyumba imo humo chini. Mwanangu kaniambia nije nayo, eti atanitolea nakala.”

Nikalishika begi kwa mikono miwili. “Ni wazo zuri, Mama,” nikasema.

Tulisafiri vizuri. Nilifunga kioo upande wake, nikamuuliza kama baridi inamsumbua, nikamsifia kitenge. Nilipunguza mwendo kwenye matuta. Yeye alitazama mashamba ya viazi na miti ya mbao, akasema mahali fulani kwamba msitu ule ameuona ukiwa miche. Nikasema ni kweli, Mama, umeona mengi.

Basi lilikuwa limechelewa. Tukakaa yadini kwangu, kwenye benchi mbele ya ofisi, harufu ya mbao mbichi imetuzunguka na mashine ya kupasulia inapiga kelele nyuma. Nikamletea chai. Nikauliza kama sukari inatosha. Akaingiza mkono kwenye mkoba, akatoa karata na kopo dogo la maharage.

“Tucheze kidogo, tusilale,” alisema.

Tukacheza. Nikapata jozi ya kopa na shupaza, saba mbili za bure, nikabadilisha, hazikusaidia. Nikajitutumua, nikaongeza maharage.

“Leo umependeza kweli, Mama,” nikamwambia. “Nikuongezee chai?”

Hakuongeza maharage wala hakutupa. Aliziweka karata zake mapajani, zimelala kifudifudi.

“Kwa miaka yote umeniuliza dalili yako,” alisema. “Bado unaitaka?”

Nilijua pale pale kwamba sitaki tena. Nikaitika kwa kichwa.

“Ukishika karata mbaya unakuwa na adabu,” alisema. “Mwenye karata nzuri ananiita jambazi. Akizipata mbovu, mara chai yangu tamu, mara kitenge changu kizuri. Leo tangu Yakobi hujanitukana hata neno moja. Umenifungulia mlango wa gari, wewe, ambaye siku zote unaniambia nisukume kwa bega. Nikakutajia hati, ukasema ni wazo zuri.” Akanitazama, safari hii usoni. “Wanaiuza au wanaipangisha?”

Mashine ya mbao ilinyamaza nyuma yetu. Ningeweza kusema sijui. Nilifikiria kusema sijui, na nikaona jinsi nitakavyolisema, kwa upole, na jinsi atakavyolisikia.

“Wanaiuza, jambazi we,” nikasema, machozi yananitoka. “Mteja kaiona ukiwa kanisani unaimba. Na wewe mpumbavu unawabebea hati mpaka mlangoni!”

“Afadhali,” akasema. “Nilidhani umeugua.”

Nilitaka kumwambia habari za magoti, za kuanguka jikoni, kwamba mwanawe labda ana haki, na kwa kweli nilianza kuyasema. Akaniinulia mkono. Alisema magoti anayajua, anaishi nayo. Atamwomba Nesi ahamie chumba cha mbele, maana naye anazeeka peke yake ng’ambo ya barabara kama mjinga. Akifa jikoni atakuwa amekufa jikoni kwake. Aliyasema bila hasira, kama mtu anayepanga mapishi ya kesho.

Basi likafika. Utingo akaita Dar, Dar, Iringa, Moro, Dar. Tulilitazama kupitia geti likijaza watu, na begi likabaki miguuni petu. Basi lilipoondoka simu yangu ikaita. Alikuwa mwanawe.

“Mpe mama yake,” akasema Mama Mchungaji, yaani nimpe yeye. Nikaiweka kwenye spika, nikampa.

“Mama, umeshapanda?”

“Hujambo, mwanangu. Sikupanda. Magoti yamekataa, nimeona nisikupe mzigo wa kunibeba stendi.”

“Mama jamani! Kesho basi. Nitaongea na dada akulaze hapo hapo.”

“Na jambo jingine lilinitoka,” akaendelea, sauti yake tulivu, ile ile ya kuomba chumvi. “Ile hati uliyoitaka. Panya walikuwa wengi chumbani, nikaipeleka kwa mchungaji. Ameifungia kwenye kabati la chuma la usharika. Akaniambia siku nikiihitaji niifuate mwenyewe, hampi mtu mwingine, hata awe na barua. Huyu kijana ana msimamo, weee.”

Hati ilikuwa kwenye begi, na begi lilikuwa limeegemea mguu wangu. Upande wa pili kulikuwa na kelele za barabara ya Dar, pikipiki, honi. Nilimwona yule kaka kana kwamba amekaa benchi moja nasi, ameshika karata zake, anahesabu: kanisa zima, mchungaji mwenye msimamo, na mama ambaye kwa maisha yake yote hajawahi kusema uongo.

“Hamna shida, Mama,” akasema mwishowe. “Pumzika. Tutaongea.”

Alikuwa ametupa karata. Na mama yake hakumwambia kwamba anajua. Alimuulizia wajukuu mmoja mmoja, akamwambia Krismasi aje, jogoo yupo. Nikaelewa majogoo wote wale. Hakuwa kipofu hata siku moja. Alikuwa anamwachia mwanawe ashinde, kila mara, kwa sababu dau lilikuwa ni jogoo tu.

Lakini sikuwa nasikiliza sana, Mungu anisamehe. Pale aliposema neno “usharika”, macho yangu yalishuka chini, kwa mazoea aliyonipa yeye mwenyewe. Blanketi lilikuwa begini. Kwa mara ya kwanza niliiona miguu yake wakati anacheza. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kilikuwa kimesimama wima ndani ya kandambili, kimekakamaa, kinatetemeka kidogo, na kilikaa hivyo mpaka uongo ulipokwisha. Kisha kikalala taratibu.

Aliishi kwenye nyumba ile mpaka alipokufa, yeye chumba cha nyuma na Nesi chumba cha mbele, wakigombana kila siku. Mwanawe alikuja kweli Krismasi moja, akala jogoo, akaketi nasi mezani, na Jumapili akapika maharage. Habari za kuuza hazikutajwa tena na yeyote.

Ila siku ile ya yadini alikata simu, akanirudishia, akakuta nimeinamisha kichwa. Alijitazama kandambili zake. Kisha akanitazama mimi.

“Umeona nini?” akauliza.

“Sijaona kitu, Mama,” nikamjibu. “Nikuongezee chai?”

Alicheka mpaka akashika mbavu. Akafungua begi, akalitoa blanketi la kijivu lililokuwa juu ya hati, akajifunika mpaka chini, kwenye jua lile la mchana la Makambako, akaniambia nigawe.